Simu ikikataa APK, jua kwanza nani aliyekataa

"Dada fundi, simu imegoma." Wengi wanaofika kwenye meza yangu hapa Dodoma, karibu na soko la Majengo, huanza hivyo. Ukiuliza imegomaje, mmoja karushiwa APK, yaani faili la kuwekea programu ya Android, na shemeji yake kwa Xender, mwingine kabonyeza linki ya kwenye kundi la WhatsApp, wa tatu anataka toleo la zamani la programu, lile la kabla halijajaa matangazo. Kioo kimewaambia hapana, sasa wanataka mimi niseme ndiyo.

Zamani ilikuwa rahisi. Siku hizi kila toleo jipya la Android linaongeza kizuizi kwenye programu zinazotoka nje ya Play Store, na kinachokuja mbele ni kikubwa kuliko hivi tulivyovizoea. Ninachokiona kila siku ni kwamba watu hawajui simu ina wakataaji wengi, kila mmoja na sababu yake. Mtu anazima ulinzi wote kumbe aliyekataa ni faili lenyewe, bovu. Anarudi nyumbani hana programu na hana ulinzi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, soma maneno yaliyo kwenye kioo. Kama ni Kiingereza na hukielewi, piga picha ya kioo kwa kubonyeza pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti, umuonyeshe anayeelewa. Usibonyeze kitufe kinachong'aa eti kwa sababu kinang'aa.

Mkataaji wa kwanza: ruhusa ya aliyeleta faili

Huyu ndiye anayekutwa na wengi. Mpaka Android 7 kulikuwa na swichi moja tu kwa simu nzima. Ukiiwasha, kila mlango umefunguka. Android 8 ya mwaka 2017 ikabadilisha: kila programu inayoweza kuleta faili inaomba ruhusa yake peke yake. Chrome ina yake, WhatsApp ina yake, Xender ina yake.

Majina ya menyu hayafanani kati ya Tecno, Samsung na Redmi, kwa hiyo usihangaike kukariri njia. Fungua mipangilio, nenda kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu, andika "unknown". Itatokea sehemu ya Install unknown apps, na ndani yake orodha ya programu zote zinazoweza kuomba ruhusa hiyo.

Ushauri wangu ni kuruhusu programu ya kusimamia mafaili tu, basi. WhatsApp iache imefungwa, Chrome iache imefungwa. Faili likishaingia kwa WhatsApp, na WhatsApp ina ruhusa, umebakiza kubonyeza mara moja tu programu iingie, na kidole kina haraka kuliko akili. Ukilazimika kwenda mwenyewe kwenye folda ya vipakuliwa, kulitafuta faili na kulifungua, angalau umepata muda wa kujiuliza limetoka wapi. Ukimaliza kuweka, rudi uizime ruhusa. Programu uliyoweka haitafutika.

Kuna babu mmoja mkulima wa zabibu wa Mpunguzi aliniletea simu inayorusha matangazo hata akiwa anapiga hesabu kwenye kikokotoo. Nilipofungua ile orodha, WhatsApp, Chrome, Telegram na Xender zote zilikuwa zimeruhusiwa, pamoja na mchezo wa magari wa mjukuu wake. Nikashuka kwenye orodha ya programu zote. Karibu na mwisho kulikuwa na moja haina jina wala picha, nafasi nyeupe tu, ila ukiigusa inaonyesha ukubwa wake na bando iliyokula. Kitufe cha kuifuta kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Hiyo ni dalili kwamba imejipa usimamizi wa simu. Dawa yake ni kutafuta "device admin" kwenye mipangilio, kuondoa tiki mbele yake, halafu kurudi kuifuta. Ikiwa inakutoa kwenye ukurasa huo kabla hujafika, washa simu kwa hali salama: shikilia kitufe cha kuzimia, kisha kandamiza kwa muda neno la kuzima mpaka iulize kuhusu safe mode, ukubali. Kwenye simu nyingi za Android inafanya kazi. Katika hali hiyo programu zote za nje hulala, nawe unaifuta kwa raha zako.

Play Protect

Mkataaji wa pili ni mkaguzi wa programu wa Google. Yupo tangu 2017 na anakaa ndani ya Play Store. Anakagua hata programu ambazo hazikutoka dukani kwake. Kuna majibu matatu anayoyatoa, na watu wanayachanganya.

Jibu la kwanza ni kwamba hajawahi kuiona programu hii, anaomba aikague. Kubali. Inakula bando kidogo, na inachukua muda mfupi. La pili anasema wazi kwamba programu ina madhara. Hapo acha. Najua kuna watu mtandaoni wanaofundisha namna ya kubonyeza "endelea tu", na kweli mara chache Play Protect humsingizia asiye na hatia, lakini kama huwezi kueleza kwa nini amekosea, basi huna sababu ya kumpinga.

Jibu la tatu ndilo jipya: anazuia programu kwa sababu inaomba ruhusa nyeti, hata kama hajapata ushahidi kwamba ni mbaya. Google ilianza kulijaribu Singapore Februari 2024, kisha ikalipeleka nchi nyingine, jirani zetu Kenya wakiwemo. Ruhusa zinazotazamwa ni nne: kupokea SMS, kusoma SMS, kusoma arifa, na ile ya huduma za ufikivu (Accessibility), iliyotengenezwa kuwasaidia wenye ulemavu. Angalia zinachofanana. Zote zinafika kwenye namba za uthibitisho zinazotumwa na benki na WhatsApp. Programu inayosoma SMS zako haihitaji kukuibia simu.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini naweka sheria moja isiyo na mjadala: usizime Play Protect kwa maelekezo ya mtu aliye kwenye simu. Awe anajiita huduma kwa wateja, awe anasema laini inafungwa leo saa kumi, awe na sauti ya upole namna gani. Kata. Itume namba yake kwenda 15040 kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inavyoelekeza, na ukiwa hapo hapo bonyeza *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Hata watengenezaji wa Android wameona mchezo huu: kuanzia Android 16, ukiwa unaongea na namba ambayo hujaihifadhi, simu inakataa kutoa kwa mara ya kwanza ruhusa ya kuweka programu za nje. Simu nyingi zinazopita mezani kwangu hazina Android 16, kwa hiyo kazi hiyo ya kukataa bado ni yako.

Samsung peke yao

Wenye Samsung mpya kidogo wana mkataaji wa ziada, Auto Blocker. Alikuja na One UI 6, mfumo wa Samsung juu ya Android, mwaka 2023, na tangu One UI 6.1.1 unamkuta tayari amewashwa unapoianzisha simu. Yupo kwenye sehemu ya usalama na faragha. Akiwa macho, ile swichi ya ruhusa niliyoieleza mwanzo haigusiki kabisa, imefifia. Mzime, weka programu yako uliyohakikisha, mwashe tena. Hana maneno mengi.

Programu imeingia lakini haifanyi kazi

Hapa ndipo panapoumiza. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu iliyoingia kwa njia ya faili inaweza kukaa vizuri kwenye simu, lakini ikiomba huduma za ufikivu au kusoma arifa, simu inasema mpangilio huo umezuiwa kwa usalama wako. Upo mlango wa kuufungua: ukurasa wa programu, vidoti vitatu juu kulia, Allow restricted settings. Naueleza kwa sababu kuna watu wanauhitaji kweli, kwa mfano asiyeona vizuri anayetumia kisoma kioo cha chanzo huria, yaani ambacho msimbo wake uko wazi kwa wote. Wengine wote, programu ikikudai huo mlango, ifute.

Mama mmoja wa Nkuhungu, muuza mitumba, alikuja na programu ya mkopo aliyotumiwa linki. Alitaka nimfungulie hicho kizuizi ili mkopo "utoke". Nikamwambia, mama, tusome kwanza pamoja inaomba nini. Majina yote ya kwenye simu, SMS, picha, mahali ulipo, kujichora juu ya programu nyingine, na sasa ufikivu. Nikamuuliza, benki gani ilishawahi kukuomba picha za kipaimara cha mwanao ili ikukopeshe? Akacheka, halafu akanyamaza, akasema nifute.

Usiku wa deni haukawii kucha, na wakopeshaji hawa wanajua. Mwaka 2023 Google ilizikataza programu za mikopo kwenye Play Store kugusa majina na picha za mteja, maana ndizo zilizokuwa zinatumika kuwaaibisha watu kwa ndugu zao. Ndiyo sababu namtilia shaka mkopeshaji anayekutumia faili kwa linki badala ya kukuelekeza Play Store: huko nje kanuni hiyo haimfikii. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Kabla ya kukopa, tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha hiyo, kisha uliza kama ana leseni ya BoT. Kutokuwemo kwenye orodha peke yake hakumtakasi.

Mara nyingine ni faili tu

Ujumbe mfupi wa "App not installed" usikutume kuzima ulinzi wowote. Kwanza angalia nafasi; simu ya GB 32 iliyojaa video za harusi haiwezi kupokea kitu. Pili, kila programu ina sahihi ya aliyeitengeneza. Kama tayari unayo ya dukani na unataka kuweka juu yake iliyotiwa sahihi na mtu mwingine, simu inakataa, na ina haki. Tatu, simu hairudi nyuma: toleo la zamani haliwekwi juu ya jipya mpaka ulifute jipya, na kabla ya kufuta hifadhi nakala ya mazungumzo na picha zako.

Nne, simu nyingi za bei ya chini zinaendesha mfumo wa biti 32. Ukipakua faili lililoandikwa arm64 halitaingia. Tafuta la armeabi-v7a. Tano, programu nyingi za Play Store sasa hushuka kwa vipande kulingana na simu, hivyo uliyohamishiwa na rafiki inaweza kuwa imekosa kipande. Na kama programu ni ya kale sana, Android 14 huikataa ikiwa ilitengenezwa kwa kulenga mfumo ulio chini ya Android 6. Hiyo usilazimishe, tafuta mbadala.

Wanaotaka WhatsApp za rangi, zile za GB na ndugu zake: siweki, hata ukinipa hela mara mbili. WhatsApp huzifungia kwa muda akaunti zinazotumia matoleo yasiyo rasmi, na usiri wote wa mazungumzo yako unaukabidhi kwa mtu asiyejulikana alipo.

Kulikagua faili kabla ya kuliweka

Uliza limetoka wapi. Kundi la WhatsApp si chanzo. Chanzo ni tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, au hazina inayojulikana kama F-Droid, ambayo programu zake ni za chanzo huria. Tovuti za kukusanya APK ziko za aina zote, nami naziepuka pale tovuti ya mwenyewe ipo.

Halafu nenda virustotal.com, pandisha faili. Litakaguliwa na injini nyingi za kutafuta virusi kwa mpigo. Mbili tatu zikilalamika kwa majina ya jumla jumla, soma zaidi. Nusu zikilalamika, futa. Mwisho, programu ikishaingia na kabla hujaifungua, ingia kwenye ukurasa wake wa ruhusa. Tochi inayotaka majina ya watu ni ya kufuta bila kuuliza.

Kinachokuja

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kwenye simu zote zenye huduma zake, programu itabidi iwe ya mtengenezaji aliyejisajili na kuthibitishwa kwa jina lake halisi, hata kama haipitii Play Store. Kwa ratiba iliyotangazwa, inaanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na nchi nyingine kuanzia 2027. Sababu wanayoitoa ni kwamba programu hasidi kutoka vyanzo vya mtandaoni ni zaidi ya mara 50 ya zile za Play Store. F-Droid walipinga kwa nguvu: wao huandaa programu za watu wengine kutoka chanzo huria, na hawawezi kuwalazimisha watengenezaji wote kujisajili wala kujisajili kwa niaba yao. Baada ya kelele, Novemba 2025 Google ikasema itaacha njia kwa wenye uzoefu, yenye maonyo, itakayowawezesha kuweka programu isiyothibitishwa kwa kukubali hatari yake, na akaunti maalum kwa wanafunzi na wanaojifunza, kwa idadi ndogo ya simu.

Mimi nimegawanyika. Tapeli anayebadilisha jina la programu kila wiki atapata taabu, na hilo nalipenda. Lakini kuna kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyetengeneza kikokotoo cha magunia kwa madalali wa mahindi wa Kibaigwa, anawarushia APK kwa WhatsApp, hana duka wala kampuni. Huyo hajamwibia mtu. Nilimwambia, na nakwambia wewe uliye kama yeye: usingoje 2027. Tunza ufunguo wako wa sahihi mahali pawili, ukiupoteza hutaweza kuapdeti programu yako. Jina la kifurushi lisibadilikebadilike. Ukisajili akaunti kamili jiandae na kitambulisho, anwani na dola 25 za mara moja. Kampuni itadaiwa pia D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kutambulisha biashara. Kama watumiaji wako ni wachache, angalia kwanza ile akaunti ya wanafunzi.

Njia nyingine iliyothibitishwa kubaki ni kuweka programu kwa kompyuta, yaani ADB. Gusa namba ya toleo la mfumo mara saba kwenye sehemu ya kuhusu simu, menyu ya wasanidi itafunguka, washa USB debugging, chomeka waya, kubali kompyuta hiyo kwenye kioo, kisha kwenye kompyuta yenye programu ya ADB andika adb install na jina la faili. Redmi huomba pia uruhusu kuweka programu kwa USB. Ukimaliza, futa idhini za kompyuta kwenye menyu hiyo hiyo na uzime menyu yenyewe. Baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka ikiwa imewashwa, halafu utanijia tena na "dada fundi, benki imegoma."

Wenye iPhone, yenu ni fupi. Maduka mengine yaliruhusiwa Ulaya Machi 2024 kwa sababu ya sheria ya Umoja wa Ulaya, na sisi hayakutufikia. Ukitumia kompyuta na akaunti yako ya bure unaweza kuweka programu inayodumu siku saba tu, kisha unarudia. Mtu akikutumia linki inayotaka uamini "profile" ili upate programu ya bure, mkatalie.

Na ukiamua kumpelekea fundi, mimi au mwingine yeyote, kaa mbele yake wakati anaweka. Chomoa laini kwanza. Namba ya siri ya kufungulia ibonyeze mwenyewe, usimtajie. Akisema anakwenda nayo ndani mara moja, simama uende naye. Akimaliza, mwambie akufungulie ile orodha ya Install unknown apps mkiwa wawili, uione kwa macho yako kwamba kila kitu kimerudi kuwa kimezimwa, ndipo umlipe.